Mjane Aliyeulizwa Mara Tatu

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali walimwita Bi Pasi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakulipata kwa kupiga pasi, maana pasi walipiga wote. Alilipata kwa tabia yake ya kunyoosha mambo kimya kimya. Wenzake wakigombania nani ameacha mlango wa mashine wazi, yeye alikwenda akaufunga, akarudi mezani pake. Ukimuuliza jambo alikujibu kwa kichwa kwanza, halafu kwa mkono, na mdomo ukija ulikuja mwisho.

Watu walimdhania mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa amechoka, na uchovu ukikaa na mtu muda mrefu hufanana sana na upole.

Uchovu wenyewe ulianzia gereji. Mumewe alikuwa fundi magari. Mdogo wake Bi Pasi, waliyeachiana ziwa, alikuwa fundi wa kuchomelea, na kila mtu alimwita Cheche. Walifanya kazi ua mmoja, upande huu injini, upande ule mageti na madirisha, nyuma ya nyumba ambayo Bi Pasi aliishi na mumewe na binti yao mdogo. Walitaniana kutwa, wakala sahani moja. Siku moja mume akamwazima mtu mashine ya kuchomelea bila kumuuliza mwenyewe, ikarudi imeungua. Maneno yakaanza. Bi Pasi alikuwa jikoni anamenya viazi, akawasikia na akawapuuza, kwa sababu mara ngapi alishawasikia. Kisha akasikia bomba la chuma likianguka sakafuni, na baada ya hapo hakusikia kitu.

Alipotoka alimkuta mumewe amelala kando ya gari lisilo na magurudumu. Mdogo wake alikuwa amepiga magoti, amemshika kichwa kwa mikono miwili, anamwita, "Shemeji. Shemeji, amka basi." Pigo lilikuwa moja, likatosha.

Siku ile alifiwa na mume akapewa pole na mtaa mzima. Ndugu aliyechukuliwa na polisi jioni ileile hakuna aliyempa pole yake, na yeye mwenyewe hakujua kama anayo haki ya kuitaka. Cheche hakukana kosa. Alipewa kifungo kirefu, cha kuotea mvi ndani.

Nyumba ikabaki na watu wawili. Aliyeishika isianguke alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mwalimu, mtu wa shati la kuchomekea hata Jumapili. Bi Pasi alimwita shemeji, binti akamwita baba mkubwa, na ubaba huo haukuwa wa jina tu. Mtoto akiugua alikuja. Mtoto akifaulu alikuja, na shule ilipotaka mzazi, aliyekwenda ni yeye. Sharti lake lilikuwa moja na hakuwahi kulitamka: jina la Cheche lisitajwe mbele yake. Bi Pasi akalitii. Lakini kila baada ya muda alifunga kitambaa kichwani, akasema anapita sokoni, akaenda kumwona mdogo wake gerezani. Sokoni alipita kweli, wakati wa kurudi, ili asiwe mwongo.

Miaka ikaenda. Binti akakua, akamaliza shule, akapata kazi kwenye duka la dawa. Siku moja afisa wa ustawi wa jamii akabisha hodi. Akaeleza kwamba mfungwa ametimiza muda unaomruhusu kuomba parole, yaani kutoka kabla ya kifungo kuisha, kwa masharti na chini ya uangalizi. Bodi ya parole ingekaa, na kabla haijakaa ilitaka kusikia familia ya marehemu inasemaje.

"Na wewe, mama," afisa akasema, "ni mjane wa marehemu na ni dada wa mfungwa. Maoni yako ni yapi?"

Shemeji alikuwa ameketi kwenye kochi hilohilo, magoti yake yameelekea mlangoni.

"Mtakavyoona nyie ni sawa," Bi Pasi akasema.

Afisa akasubiri. "Yaani umekubali au umekataa?"

"Ngoja nilete chai," akasema, akaenda jikoni. Akiwa anatafuta vikombe ambavyo vilikuwa mbele ya macho yake, alimsikia shemeji akijibu kwa niaba ya nyumba nzima. "Familia haiko tayari. Maji yakishamwagika hayazoleki."

Bodi ikakaa, ikakataa. Jibu lililomfikia Cheche lilikuwa kwamba ombi lake halikukubaliwa, basi. Kwa nini, hakuambiwa. Ndipo akajitokeza wakili wa msaada wa kisheria, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akalipeleka suala hilo Mahakama Kuu.

Bi Pasi aliposikia habari hiyo, kitu kilichokuwa kimemkaza mabegani kwa siku nyingi kililegea. Kama mahakama itaamuru mdogo wake atoke, atatoka, na yeye hatakuwa amesema lolote. Atamwangalia shemeji machoni na kumwambia, "Ni serikali hiyo, tutafanyaje?" Na kama mahakama itakataa, atamwangalia mdogo wake machoni na kumwambia hayohayo. Alilipenda wazo hilo.

Pale kazini shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mwenzake wa kukunja aliitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Walivuta shuka ncha kwa ncha, wakakutana katikati, wakaachana tena.

"Jaji ni jaji, bibi wee," Redio akasema. "Akisema mtu atoke, hata huyo mkuu wa gereza atamshikia mlango."

"Unadhani?"

"Sasa mtu avae lile joho zito kwenye joto hili halafu ashindwe kumtoa mtu? Angebaki kwao."

Bi Pasi akacheka, jambo ambalo wenzake hawakulizoea, mpaka aliyekuwa kwenye mashine ya kukaushia akageuka kutazama.

Siku ya kesi aliingia mahakamani akakutana na tatizo ambalo hakulifikiria: akae wapi. Kwenye mabenchi ya kulia walikuwapo shemeji na ndugu wa marehemu. Kushoto alikuwa ameketi shangazi yake peke yake, dada wa baba yao, amesafiri kutoka mji wa mbali na kikapu mapajani. Bi Pasi akasimama kwenye njia ya katikati kama mtu aliyesahau alichofuata. Karani akamwonyesha kidole kwamba akae. Akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali ambapo huketi waandishi wa habari na watu waliokosea chumba.

Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani aliyoivaa na kuivua. Alizungumza polepole, kama anayejua kwamba walio nyuma hawakusoma sheria. Alisema sheria haikumpa yeye kazi ya kumwachia mfungwa kwa parole. Kazi hiyo imepewa bodi. Kazi yake yeye ni kuangalia kama bodi imepita njia iliyowekewa, na safari hii haikupita, kwa kuwa ilimnyima mtu bila kumweleza kwa nini. "Kwa hiyo nalirudisha suala hili kwao. Wamsikilize upya, na wakimkatalia wamweleze sababu."

Wakili akatoka nje anatabasamu. Bi Pasi akamfuata ukumbini.

"Kwa hiyo anatoka lini?"

"Bado hatoki, mama. Lakini tumeshinda."

"Tumeshinda, na hatoki?"

"Ndivyo ilivyo," wakili akasema.

Afisa wa ustawi akarudi na swali lilelile, akaketi palepale. Safari hii shemeji hakuwapo na Bi Pasi alikuwa peke yake, hana wa kumsingizia. Hata hivyo akasema, "Si mahakama imeshasema?"

"Mahakama haikusema atoke, mama. Imesema bodi iamue upya. Ndiyo maana nakuuliza."

"Basi andika sina la kusema."

Afisa akaandika hivyo. Bodi ikakaa tena, ikakataa tena, na safari hii ikatoa sababu kama ilivyoagizwa. Kosa ni kubwa. Ndugu wa marehemu hawajaridhia. Mjane hana msimamo.

Wakili akarudi kwa jaji yuleyule. Alieleza vizuri, hilo Bi Pasi hakulipinga hata siku moja. Alieleza kwamba mfungwa hana kosa hata moja la nidhamu, kwamba amewafundisha wengine ufundi mpaka macho yake yakaanza kufifia kwa mwanga wa kuchomelea, kwamba shangazi yake yuko tayari kumpokea mbali na familia iliyoumizwa. Jaji alisikiliza yote. Kisha akavua miwani.

"Wakili, kama ningekuwa nimekaa kwenye kiti cha bodi, huenda ningeamua tofauti. Lakini kiti hicho si changu, na sheria hainiruhusu kukiazima. Safari ile hawakutoa sababu, nikawaambia watoe. Safari hii wametoa, na ni sababu ambazo bodi ina haki ya kuzizingatia. Kwamba mimi ningezipima vingine si kosa lao la kisheria." Akatazama karatasi zake. "Ipo hata hii ya mjane wa marehemu, ambaye hakueleza msimamo wake." Akainua macho akayapitisha juu ya mabenchi, si kwa ukali, kama mtu anayetafuta saa ukutani. Bi Pasi akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa malapa.

Ombi likaanguka. Shemeji na ndugu zake wakatoka kimya, hawakushangilia. Bi Pasi alimkuta wakili kwenye ngazi za nje, ameketi chini na suti yake, joho limekunjwa ovyo pembeni.

"Nisamehe, mama," wakili akasema. "Nimefika mwisho. Hapa mahakama haivuki."

Bi Pasi akaketi ngazi ileile, kwa taabu, magoti yakalia. Akalichukua lile joho akalikunja upya vizuri, maana mikono yake haikuvumilia.

"Nilitaka yule jaji aseme," akasema, "ili mimi nisiseme."

"Najua, mama."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza ulipokaa mlangoni."

Jumapili iliyofuata akaenda gerezani. Cheche alikuja upande wa pili wa wavu anapepesa macho, kichwa chote cheupe. Hakuulizia kesi. Aliulizia goti la dada yake, akaulizia kazi ya binti. Mlinzi alipotangaza muda umekwisha ndipo akasema, haraka haraka, "Dada, kama ni zito usiongee. Mimi huku nimeshazoea."

"Usiniambie umezoea," Bi Pasi akasema, na hasira iliyomjia ilimshangaza yeye mwenyewe. "Nani alikwambia nauliza kama umezoea? Umeniachia mtoto, umeniachia shemeji, umeniachia wanaokuja kuniuliza maoni, halafu wewe umezoea!"

Watu wakageuka. Cheche akainamisha kichwa akasema, "Ni kweli," akaondoka na wenzake.

Nyumbani alimkuta binti yake ananyoosha sare ya kazini. Bi Pasi akaketi kitandani bila kuvua kitambaa.

"Nikikuuliza jambo utanijibu ukweli? Mjomba wako akitoka, wewe utajisikiaje?"

Binti akaendelea na kola kwa muda. "Mama, baba sikumbuki uso wake. Nakumbuka picha. Mjomba namkumbuka mwenyewe, alikuwa ananibeba begani ananizungusha uani. Hicho ndicho kinachoniudhi. Aliyeniondolea baba ndiye ninayemkumbuka." Akaisimamisha pasi. "Sitaki kumwona. Lakini sitaki afie mle eti kwa ajili yangu. Mimi sikumtuma mtu aseme hivyo."

Muda wa kuomba tena ulipofika, Bi Pasi hakumsubiri afisa. Aliomba kwenda mwenyewe mbele ya bodi. Alimpigia simu shemeji akamwambia, ili asiyasikie kwa watu. Shemeji akasema naye atakuwapo.

Kilikuwa chumba cha mikutano chenye meza ndefu, maua ya plastiki yenye vumbi, na feni iliyozunguka kwa kusuasua. Wajumbe walikuwa watu wa kawaida, mmoja anapambana na mafua. Shemeji alisema kwanza, na alisema kama alivyo, kwa heshima, bila tusi. Alisema marehemu mdogo wake hakupewa nafasi ya kuomba chochote kwa bodi yoyote. Sauti ilimkatika hapo. Bi Pasi, aliyemjua mtu huyu kwa miaka yote hiyo na hakuwahi kumwona analia, alitamani kurudi nyumbani.

Mwenyekiti akamgeukia. "Mama, tunakusikiliza."

Alikuwa amejipangia maneno tangu asubuhi, yote yakamtoka kichwani.

"Sijamsamehe," akasema. "Nianze hapo, msije mkaandika nimemsamehe. Kuna siku nadhani yamekwisha, niko zangu kazini, mara mafundi wanakuja kuchomelea bomba la mvuke, ile harufu ikinifika nalazimika kutoka nje. Kwa hiyo sijui. Labda nitakufa sijajua. Anayosema shemeji yangu ni kweli yote, sipunguzi hata neno. Lakini mara mbili mmemrudisha ndani, na jina langu limo kwenye sababu. Eti mjane hana msimamo. Mimi nilikuwa naogopa tu. Nilikuwa nawasubiri mahakama, na mahakama wamesema si kazi yao. Sasa nimechoka kubanwa mlangoni kama kufuli. Mkiona ni hatari kwa watu, mwekeni, ni kazi yenu hiyo. Ila msimweke kwa ajili yangu. Mimi dada yake, na mimi mke wa marehemu, nasema anaweza kutoka. Aende kwa shangazi, mbali. Ndiyo hayo."

Mjumbe mwenye mafua akapenga kamasi. Feni ikaendelea na kazi yake.

Wakati wanatoka, shemeji alimshikia mlango, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

"Umechagua," akamwambia.

"Sikuchagua, shemeji. Nimeulizwa nikajibu."

"Kwangu mimi ni kitu kimoja." Akavaa kofia yake, akaenda zake kwa mguu. Tangu siku ile hakukanyaga tena nyumbani kwa Bi Pasi. Binti humpigia simu, humwita baba mkubwa kama zamani, huulizwa kuhusu kazi na afya. Kuhusu mama yake haulizwi. Watu walipomsifu Bi Pasi kwa moyo wake mkubwa hakuitikia, maana alijua sifa hizo amezilipia kwa kumpoteza mtu aliyemlelea mtoto.

Bodi ilikubali. Cheche akaachiwa kwa masharti: akae kwa shangazi, aripoti kila wiki kwenye ofisi ya uangalizi, asifike karibu na ndugu wa marehemu. Akivunja moja, anarudi. Siku aliyotoka Bi Pasi hakwenda getini. Alikuwa zamu, na mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yamejaa. Redio alimtazama mara mbili tatu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakusema kitu.

Alikwenda baadaye, siku ya mapumziko, kwa basi, mpaka mji wa shangazi. Alimkuta mdogo wake ameketi kwenye kibaraza, viatu amevipanga sambamba kando yake. Alipomwona dada yake alisimama wima, mikono mgongoni, kama wanavyofanya mle ndani mkubwa akipita.

"Hiyo si adabu tena, ni woga," shangazi akasema kutoka ndani. "Ananiomba ruhusa kwenda chooni. Nimemwambia nenda baba, choo hakina ratiba."

Cheche akatabasamu kidogo. Kisha akaanza, "Dada, mimi naomba..."

"Usiombe," Bi Pasi akamkatiza. "Bado sijafika huko. Nikifika nitakwambia mwenyewe. Kaa chini."

Akakaa. Wakala, watatu, na shangazi ndiye aliyezungumza karibu muda wote, habari za majirani wasiowajua. Cheche alikula haraka, akakumbuka, akapunguza mwendo. Kazi ya kuchomelea hakutaka kuirudia na macho yasingemruhusu. Alikuwa anamsaidia jirani kupaka rangi viti vya shule. Walipoagana hawakukumbatiana. Alimsindikiza dada yake mpaka kona, akasimama hapo, kwa kuwa hakuwa na uhakika kama masharti yanamruhusu kuvuka. Yalimruhusu, Bi Pasi alijua hivyo, lakini hakumwambia.

Ndani ya basi alipata kiti cha dirishani, akalala kabla halijatoka mjini. Alilala usingizi mzito wa mdomo wazi. Kondakta alimwamsha kituo cha mwisho kabisa, abiria wote wameshashuka na dereva anafagia maganda.

"Mama, ulikuwa unashukia wapi?"

Alipomtajia, kondakta akacheka kwa huruma. "Kwako tumepita zamani. Subiri pale, lipo linalorudi."

Akaketi kwenye benchi la saruji, begi mapajani. Simu ikaita, alikuwa binti.

"Uko wapi, mama? Chakula kinapoa."

"Nimepitiliza kituo."

"Mjomba yukoje?"

"Amekonda. Anapaka viti rangi."

"Ehe," binti akasema. Kisha, "Na wewe?"

Bi Pasi akalifikiria swali hilo. Basi la kurudi lilikuwa linageuza mbele yake, taratibu, na utingo anapiga kelele nyuma yake, njoo, njoo, njoo.

"Niwekee chakula, mwanangu," akasema. "Nakuja."